Mashine Haipendi Tangi Nusu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako kuna mashine ndogo ya petroli: pampu ya maji, au jenereta, au msumeno wa kukatia miti. Kama wewe huna, jirani yako anayo, na sauti yake waijua. Waijua pia sauti yake inapougua: hukohoa, hupanda, hushuka, hulia kama mtu aliyepaliwa, kisha kimya. Mafundi wetu husema, "Inamisi."

Leo nataka kukueleza namna ya kutafuta ugonjwa wa mashine kama hiyo. Lakini siwezi kukueleza habari hiyo peke yake, kwa maana mimi niliujua ugonjwa wa mashine baada ya kumhukumu mtu. Habari hizi mbili zimefungwa kamba moja, nami sina budi kuzisimulia pamoja, ingawa ya pili yanitia haya.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache, kisha Baba Paroko akaniita nishike kazi ya ofisi: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, barua, na madaftari ya fedha. Watu bado waniita Mwalimu. Chini ya kilima cha kanisa pana mto, na kando ya mto pana bustani ya parokia, kama nusu eka, ya nyanya, kabichi na mchicha. Fedha ya mboga hizo ndiyo inunuayo unga wa uji wa watoto wadogo wa shule ya awali. Bustani ikikauka, sufuria la uji nalo hukauka.

Maji ya bustani huvutwa na pampu ndogo ya petroli, ambayo mtu mmoja aweza kuibeba kwa mkono. Mwendeshaji wake alikuwa kijana wa miaka 19, mtoto wa mama mjane. Jina lake sitaliandika hapa. Nililichafua mara moja, yatosha.

Kwanza tuelewane juu ya mashine yenyewe. Injini ya pampu yetu ni ya mipigo miwili, jamii moja na ile ya msumeno wa miti. Haina mahali pake pa kutilia oili. Oili huchanganywa ndani ya petroli. Kitabu cha mashine yetu chataka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 40 za oili katika lita 1. Mashine nyingine hutaka sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 20. Kila mtu afuate kitabu cha mashine yake. Shika neno hili, maana litarudi: katika injini hii oili haifiki kwenye pistoni ila imebebwa na petroli. Petroli ikipungua njiani, oili nayo imepungua.

Mwezi wa Agosti, nyanya zikiwa zimeanza kuzaa, kijana yule alikuja ofisini akasimama mlangoni. Akasema, "Mwalimu, mashine siku hizi haipendi tangi nusu."

Nikacheka. "Mashine si ng'ombe, hata ichague malisho."

"Ikifika nusu yaanza kumisi. Nikiijaza yanyamaza. Kwa hiyo siku hizi naijaza kabla haijashuka."

Nikamwambia aende akamwagilie, maana nilikuwa na vyeti vya ubatizo vya kuandika. Hayo ndiyo maneno yote niliyompa.

Sasa sikia utaratibu wetu wa petroli. Petroli iliyochanganywa huwekwa stoo katika kidumu cha lita 20. Kijana huja na chupa ya lita 1, huijaza, nami huandika katika daftari, "Lita 1." Zamani alikuwa akimaliza tangi zima, na chupa ikirudi tupu. Tangu alipoanza kujazia tangi likiwa nusu, chupa ilirudi ikiwa na nusu ndani yake. Lakini mimi sikuinuka kutazama. Nilimpa ufunguo, nikasema, "Jaza mwenyewe," nami nikiwa nimekaa mezani pangu nikaandika, "Lita 1," kama siku zote. Akija mara mbili, naandika mara mbili.

Mwisho wa mwezi nikajumlisha. Juni zilikuwa lita 38. Agosti zilikuwa lita 70. Moyo wangu ukaruka. Mvua haikuwa imepungua kuliko miaka mingine, bustani haikuongezwa hata tuta moja. Petroli yaenda wapi? Nikakumbuka ya tangi nusu, nikajiambia, "Kumbe! Hadithi ile ilikuwa ya kuniziba macho."

Kamati ya fedha ya parokia ina watu saba. Nikawasomea hesabu. Nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wazee wakatikisa vichwa. Kijana akaitwa. Hakupiga kelele, wala hakulia. Alisema neno moja tu: "Mwalimu, pima kidumu." Mimi nikaliona neno hilo kuwa ujeuri. Akaambiwa apumzike kazini. Akaweka ufunguo wa stoo mezani, akatoka.

Basi kazi ya pampu ikawa yangu mpaka apatikane mtu mwingine. Siku ya kwanza nilijaza tangi, nikavuta kamba, mashine ikanguruma vizuri. Nikajisifu. Baada ya muda, maji yakiwa yameshika mfereji wa tatu, nikasikia: pu, pu-pu, pu. Sauti ikapanda kwa kasi, ikashuka, ikazimika. Nikasema, kijana yule ametia maji au mafuta ya taa katika petroli ili kunikomoa. Nikamwaga yote, nikachanganya mpya kwa mkono wangu. Ikaenda vema. Kisha pu, pu-pu, pu.

Siku ya pili nilikasirika, na hasira ni fundi mbaya. Katika alasiri moja nilibadili plagi, nikaosha kichujio cha hewa, nikageuza skrubu mbili za kabureta, hii kulia, hii kushoto, bila ya kuhesabu mizunguko. Kufika jioni mashine haikuwaka kabisa, nami sikujua ni lipi kati ya mambo yangu matatu lililoiua. Siku ya tatu tulichota maji kwa ndoo, mimi na wanawake wanne wa jumuiya. Matuta ya juu hatukuyafikia. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja.

Usiku ule sikulala upesi, nikamkumbuka mwalimu wangu wa fizikia chuoni.

Mwalimu huyo alikuwa na ndege ya mfano, aliyoachiwa na rafiki yake aliyerudi kwao Ulaya. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yalipita urefu wa mtu, na puani ilikuwa na injini ya petroli ya mipigo miwili, iliyoendeshwa kutoka chini kwa redio. Alituambia kwamba injini nyingi za ndege kubwa za mfano zilitokana na injini za misumeno ya miti. Jumamosi jioni tulimfuata mpaka uwanja wa mpira, na watoto wa kijiji cha jirani walitutangulia.

Jumamosi moja ndege ilikataa. Ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, injini ilinguruma sawasawa. Iliporuka na kuinua pua, ilikohoa. Mara mbili ilizimika angani, mwalimu akaishusha polepole kama mwewe aliyechoka. Sisi wanafunzi tulikuwa na majibu tele: huyu asema plagi, huyu petroli mbaya, huyu kabureta. Mwenzetu mmoja alikwisha kushika bisibisi. Mwalimu akamnyang'anya.

"Bisibisi ni ya mwisho," alisema. "Kwanza semeni: mashine yafanya nini, lini, na katika hali gani?"

Tukajibu, "Yakohoa pua ikiwa juu."

Akawaamuru vijana wawili wenye nguvu, wakiwa nyuma ya mabawa na mbali na panga la mbele, waishike ndege imara na kuielekeza pua mbinguni, injini ikiwaka. Haukupita muda, ikakohoa. Wakailaza, ikapona. Mwalimu akauliza, "Plagi yajua kama pua iko juu au chini? Haijui. Ni nani ndani ya ndege hii ajuaye?"

Tukanyamaza. Kisha msichana mmoja wa darasa letu akajibu, "Petroli iliyo ndani ya tangi."

Akafungua tangi. Ndani yake mlikuwa na mpira mwembamba, na mwisho wa mpira kipande kizito cha chuma, ili ndege ikigeuka, uzito huo uanguke upande ule ule petroli inakokwenda. Wiki iliyotangulia ndege ilikuwa imetua kwa pua. Uzito ukarushwa mbele, na mpira, ambao ulikuwa umekakamaa kwa uzee, ukajikunja na kukaa mbele. Pua ilipoinuka, petroli yote ilikwenda nyuma, na mdomo wa mpira ukabaki mbele ukinyonya hewa. Injini yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na njaa.

Jioni hiyo alitusimulia habari za Orville na Wilbur Wright, ndugu wawili wa Marekani walioruka kwa ndege yenye injini tarehe 17 Desemba 1903. Safari ya mwisho ya siku ile, Wilbur alikaa hewani sekunde 59. Injini yao ya petroli ilitengenezwa na Charles Taylor, fundi wa karakana yao ya baiskeli, kwa muda wa wiki kama sita. "Walioruka twawajua sote," mwalimu alisema, "lakini sauti ya injini ile aliijua sana yule fundi. Ukitaka habari za mashine, muulize anayeshinda nayo."

Nilipolikumbuka neno hilo, nililala macho wazi. Kwa maana mimi nilikuwa naye aliyeshinda na mashine, nami nilimfukuza.

Alfajiri nilishuka mtoni na kipande cha karatasi, bila spana. Nikakaa juu ya jiwe nikaandika majibu ya maswali matatu ya mwalimu wangu. Yafanya nini? Yapanda na kushuka, kisha yazimika. Lini? Baada ya muda, si mwanzoni. Katika hali gani? Nikaanza kuandika: "Inakwenda vema tangi likijaa, inamisi tangi likifika nusu." Kalamu ikasimama. Maneno yale hayakuwa yangu. Nilikuwa nimeambiwa mlangoni pa ofisi yangu, nikacheka.

Hata hivyo sikutaka kukisia tena. Nikaamua kwenda hatua kwa hatua, jambo moja kwa wakati mmoja, nikianza na lililo jepesi. Nakuandikia hatua hizo kwa utaratibu wake, ili nawe zikufae.

Kwanza nilirudisha nililoliharibu. Kabureta ya mashine hizi ina skrubu mbili, moja ya mwendo mdogo na moja ya mwendo mkubwa. Nikazifunga taratibu kulia mpaka zikagusa, bila kukaza, kwa maana ukikaza waharibu ncha yake na kiti chake. Kisha nikazifungua kama kitabu chetu kielekezavyo, mzunguko mmoja na kidogo. Mashine ikawaka. Basi ugonjwa wa siku ya pili ulikuwa wa mkono wangu mwenyewe.

Pili, petroli. Nikamimina kidogo katika chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Kama kuna maji, hukaa chini, nawe waona mstari au vitone vinavyoviringika. Hapakuwa na maji. Petroli iliyokaa miezi mingi nayo hupoteza nguvu, na harufu yake hugeuka. Hii ilikuwa mpya.

Tatu, kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu likizibwa na vumbi, petroli haiwezi kushuka, na mashine huzimika baada ya muda, kama yetu. Dawa ya kulipima ni rahisi: mashine ikianza kumisi, legeza kifuniko. Ikipona, mchawi ni tundu. Nikalegeza, haikupona.

Nne, hewa. Kichujio kikijaa vumbi, mashine hupata petroli nyingi na hewa kidogo, hutoa moshi mweusi, na plagi huwa nyeusi kama sufuria. Chetu kilikuwa safi.

Tano, plagi. Hii ndiyo barua ambayo injini hukuandikia, wengi hawaisomi. Nikaacha mashine imisi, nikaizima papo hapo, nikangoja ipoe, nikafungua plagi. Rangi ya kahawia, kama ya kahawa yenye maziwa, ni dalili ya afya. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli kuzidi. Nyeupe, kama jivu la kuni kavu, ni dalili ya hewa kuzidi na petroli kupungua. Ya kwetu ilikuwa nyeupe. Cheche nayo niliipima mbali na petroli, plagi ikigusa chuma cha injini: ilikuwa ya buluu, yenye nguvu.

Sita, mbano. Nikavuta kamba polepole. Ikanizuia kama inavyopasa. Ringi za pistoni hazikuwa na neno.

Basi nilikuwa na cheche, na mbano, na petroli safi, lakini plagi yasema petroli haifiki ya kutosha, na haifiki tangi likiwa nusu tu. Nikajiuliza swali la mwalimu: ni nani ndani ya mashine hii ajuaye kama tangi limejaa au limefika nusu? Si plagi. Si kabureta, maana kabureta ya namna hii haina boya. Ina kiwambo chembamba kama ngozi ya ngoma, kinachochezwa na pumzi ya injini na kuivuta petroli. Kiwambo hakioni tangi.

Nikamwaga petroli katika chombo, nikauvuta mpira wa ndani ya tangi kwa ndoano ya waya. Ulitoka mgumu kama kijiti. Mwisho wake ulikuwa na kichujio kizito, kama cha ile ndege. Nikaukunja kidogo kwa vidole, nao ukafungua kinywa: ufa mwembamba kama uzi, katikati ya urefu wake.

Sasa nawe waona, ndugu msomaji. Tangi likijaa, ufa ulikuwa chini ya petroli, ukanyonya petroli, hapana dhara. Petroli iliposhuka chini ya ufa, mpira ukanyonya petroli kwa mdomo na hewa kwa ubavu. Mashine ikala hewa, ikapiga mbio bila nguvu, ikazimika.

Na tena kuna jambo zito zaidi. Nilikuambia oili hubebwa na petroli. Mashine ya mipigo miwili inayoendeshwa kwa hewa nyingi na petroli kidogo huchemka sana na kukosa oili. Pistoni huvimba, hukwaruza silinda, na hatimaye hung'ang'ana humo. Hapo mashine imekufa, na kuitengeneza huenda kukazidi bei yake. Kijana yule angetii neno langu na kuendesha mpaka tangi liishe kila siku, tungaliipoteza pampu kabla ya nyanya kuiva. Yeye aliijaza mapema. Niliyemwita mwizi ndiye aliyeiokoa mashine ya parokia, na ushahidi niliotumia kumhukumu ulikuwa ndio uangalifu wake.

Nilipanda kilima mbio. Katika stoo nikakipima kidumu kwa kijiti, kisha nikalifungua daftari la fedha, si lile la petroli. Mwezi wa Agosti nilikuwa na risiti mbili za petroli, za lita 20 kila moja, sawa na miezi mingine. Tulinunua lita 40. Hakuna mtu awezaye kuiba lita 70 katika lita 40. Mimi niliyesoma hesabu chuoni sikuliona hilo, kwa sababu sikulitafuta. Nilikuwa nimehesabu safari za kijana, nikaziita lita. "Pima kidumu," aliniambia. Hakuwa jeuri. Alikuwa akinifundisha kazi yangu.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa akipepeta mahindi uani. Nilipobisha hodi aliniitikia, akanipa kigoda, lakini hakusema "Karibu, Mwalimu," kama siku nyingine, aliendelea kupepeta. Kijana akatoka ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yakanitoka yote. Nikamwonyesha mpira wenye ufa. Akaukunja kwa vidole, akautazama, akasema, "Kumbe ni huu."

Nikamwambia, "Kidumu nimekipima. Wewe huna kosa. Kosa ni langu, na la daftari langu."

Akauliza, "Utawaambia wale wengine?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Neno lililosemwa mbele ya watu saba halifutwi mbele ya mmoja. Nilimwomba Baba Paroko aite kamati, na Jumapili baada ya Misa nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasoma risiti, nikasoma daftari, nikauweka mpira mezani. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ile methali yako ya kikulacho, sasa twaielekeza wapi?" Nikamjibu, "Kwangu, mzee." Wakacheka kidogo, lakini mimi sikucheka.

Mpira mpya ulikuwa wa bei ndogo. Angalia tu, ukinunua, uulizie mpira ufaao petroli. Mpira wa silikoni, unaotumika katika ndege ndogo za mfano ziendazo kwa methanoli, petroli huuvimbisha na kuuharibu. Kijana aliutia mwenyewe, kwa maana alirudi kazini siku ya Jumatano, kwa sharti moja: petroli ipimwe yeye akiona, na mimi nitie sahihi. Nilikubali. Sasa daftari letu lina safu tatu: iliyokuwamo katika kidumu, iliyotolewa, iliyobaki. Kila Jumamosi twapima kwa kijiti, wote wawili.

Nyanya za matuta manne ya juu tulizipoteza. Nyingine zilipona, na uji wa watoto haukukatika, ingawa wiki mbili ulikuwa mwepesi. Mama yake alikaa karibu mwezi mmoja akiniitikia kwa upande wa mdomo. Sikumlaumu. Jina la mtoto si plagi, hata ulifungue na kulifunga likawa kama lilivyokuwa.

Basi, ndugu msomaji, mashine yako ikimisi, fanya hivi. Usishike bisibisi kwanza. Sema yafanya nini, lini, na katika hali gani. Muulize anayeiendesha kila siku, umwache amalize maneno yake. Anza na lililo jepesi na la bei ndogo: petroli, tundu la kifuniko, kichujio, plagi, mpira. Badili jambo moja, ujaribu, ndipo ubadili la pili. Soma rangi ya plagi. Skrubu za kabureta ziwe za mwisho, nawe hesabu mizunguko yake. Usivute sigara karibu na petroli, usitie petroli mashine ikiwa ya moto, wala usiiwashe ndani ya nyumba, kwa maana moshi wake una gesi isiyo na harufu, iwezayo kumuua mtu bila kumwonya.

Na kama petroli yaonekana kupungua, kabla ya kumwita mtu yeyote mbele ya kamati, shuka stoo ukapime kidumu.

Karani wa parokia